Jengo moja, bei mbili
Eti wapangaji wa nyumba za halmashauri Uingereza wanalipa pango dogo kwa sababu walipa kodi wanawabeba. Hapo nakataa. Nakaa ghorofa ya nne, mashariki mwa London, vyumba viwili, pauni 130 kwa wiki. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ramani ileile, hata ukungu wa bafuni uleule, anatoa pauni 1,800 kwa mwezi. Flati yake nayo ilikuwa ya halmashauri, ikauzwa kwa punguzo chini ya sheria ya 1980 iliyowapa wapangaji haki ya kununua nyumba walizopanga, na sasa inapangishwa na mmiliki binafsi. Mshahara haumtoshi, serikali inamwongezea posho ya pango, na yote inaingia mfukoni mwa mwenye nyumba. Sasa anayebebwa nani? Mlioko huku, kwenu tofauti ikoje?