Korido si nje

“Mbona mimi navutia nje, dada?”

Ndivyo alivyonijibu jirani yangu usiku wa Jumanne nilipomlalamikia moshi wake, fegi mkononi, mgongo kauegemeza kwenye ukuta wa korido. Kutoka pale hadi mlangoni kwangu ni hatua mbili. Nyuma ya mlango huo mwanangu wa miaka sita, mwenye pumu, alikuwa amekaa kitandani mabega yakipanda na kushuka, kila pumzi ikitoka na mluzi.

Hii ni Julai ya Dodoma, mnaijua wenyewe. Upepo wa usiku unapiga mabati mpaka unadhani paa linaondoka. Madirisha tumefunga yote, na mwenye kitenge kikuukuu kakisokomeza chini ya mlango. Mvutaji naye hataki kuganda uani, basi anasimama koridoni. Moshi ukikosa pa kutokea unapanda juu ya kuta zetu zisizofika paani (nyumba haina dari, mtu akikohoa chumba cha kwanza wa chumba cha mwisho anamsikia), kisha unatushukia kwenye neti. Saa nane usiku nilikuwa kituo cha afya, mtoto kavalishwa barakoa ya dawa ya mvuke, mimi kwenye benchi nalirudia neno moja tu: nje.

Nje ya wapi? Nimelifikiria siku nne sasa. Mvutaji akisema nje, ana maana ya nje ya chumba chake. Stendi, nje ni chini ya paa walipokaa abiria na watoto mgongoni. Kwenye banda la chipsi, nje ni meza ya jirani. Na linaloniuma zaidi ni kwamba jibu lile linaonyesha anajua. Angekuwa hajui kama moshi unadhuru, angevutia kitandani kwake, karibu na wanawe. Wanawe kawaepusha. Moshi kautoa kwao akauleta kwangu.

Na si suala la harufu, kama mwenye nyumba alivyodhani aliponishauri nichome udi. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa sigara za wengine unaua zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka, watu ambao wao wenyewe hawavuti. Kwa watoto unaamsha pumu, unaleta nimonia na maambukizi ya masikio. Hakuna kiwango kidogo ambacho ni salama, na kufungua dirisha au kuwasha feni hakuuondoi.

Sheria ipo. Tuna Sheria ya Bidhaa za Tumbaku (Udhibiti) ya mwaka 2003, na mwaka 2007 nchi yetu iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Lakini sheria ile bado inaruhusu kutenga maeneo ya kuvutia, na katika korido za nyumba za kupanga sijawahi kuiona ikifika. Wakati huohuo miongozo ya Ibara ya 8 ya mkataba, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 2007, imeshalijibu swali langu: mahali popote palipofunikwa na paa, au palipozibwa na ukuta hata mmoja, pahesabiwe kuwa ni ndani, pawe pamejengwa kwa tofali au kwa turubai, pawe pa kudumu au pa muda. Ukuta mmoja! Korido yetu ina kuta mbili na bati juu. Waganda, kwa sheria yao ya 2015, wamekwenda mbali zaidi: mvutaji akae mita 50 kutoka mahali pa umma.

Halmashauri ya Jiji haina haja ya kusubiri Bunge, hata kama Bunge liko hapahapa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, inaipa mamlaka ya kutunga sheria ndogo: wananchi watoe maoni, Baraza la Madiwani lipitishe, Waziri aridhie, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Ushuru wa soko umepita njia hiyo. Pumzi ya mtoto nayo ipite.

Nitaulizwa ni bwana afya gani atakayekagua korido saa tano usiku. Hakuna, nakubali. Lakini sheria ndogo ikiwepo, mwenye nyumba ataiandika kwenye mkataba wa pango kama anavyoandika marufuku ya kupikia mkaa chumbani, na mwenyekiti wa mtaa atakuwa na pa kushikia. Leo nina nini mimi? Nina mdomo. Mwanamke akimfokea mwanaume koridoni usiku, asubuhi nyumba nzima inasema yule dada ana kelele. Kuhama nako si rahisi. Tangu Serikali ihamie huku, chumba kimekuwa cha kugombewa. Nataka sheria iseme badala yangu, ili mimi na jirani yangu tuendelee kusalimiana.

Maana si mtu mbaya. Nikotini imemshika, na aliyeshikwa haachi kwa kufokewa. Najua pia kuna wenzetu Urambo na Kaliua wanaosomesha watoto kwa tumbaku. Bibi yangu kule Mpwapwa alinusa ugoro maisha yake yote, na hakuna mjukuu aliyekosa pumzi kwa ajili yake. Simwambii mtu asivute. Namwambia avuke geti, asimame chini ya ule mwarobaini, huko ndiko nje.

Wahudumu wa baa, wanaoshinda kwenye moshi hadi usiku wa manane kwa sababu ndiyo ajira yao, nao wamo katika hoja hii.

Nimeandika barua kwa diwani, kupitia kwa mtendaji wa kata. Ina ombi moja: sheria ndogo itakayotamka kwamba korido, kibaraza chenye paa, banda la turubai na sehemu ya kusubiria abiria ni ndani, na ndani hakuvutwi sigara. Wapangaji wanne wameshasaini. Chumba cha mwisho sijagonga bado. Nitagonga leo jioni, kabla hajawasha.