Sheria ya bunduki na askari anayeitekeleza

Machi 28, 2018, siku nne baada ya maandamano makubwa ya Washington ya kupinga bunduki, wanafunzi weusi wa sekondari ya Marjory Stoneman Douglas, Parkland, Florida, waliwaita waandishi wa habari. Watu 17 walikuwa wameuawa shuleni kwao Februari 14. Sheria kali walizitaka kama wenzao, ila walisema kamera zimewaruka na kwamba wingi wa askari shuleni unawatisha. Walikuwa wamechelewa. Tangu Machi 9 gavana alikuwa ameshasaini sheria iliyobeba yote kwa pamoja: umri wa kununua bunduki yoyote miaka 21, kusubiri siku tatu, na mlinzi mwenye silaha katika kila shule ya umma.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Sheria hiyo ilileta amri ya mahakama ya kumwondolea silaha mtu anayetishia kuua au kujiua. Polisi wanaiomba, hakimu anatoa amri ya muda, shauri linasikilizwa ndani ya siku 14, na amri kamili hufikia miezi 12. Kasoro iko mwanzoni kabisa: kwa Florida ni polisi pekee wanaoruhusiwa kuomba. Mama mweusi anayemhofia mwanawe anajua simu yake italeta bunduki nyingine mlangoni. Philando Castile, mtu mweusi aliyesimamishwa na polisi akiwa garini Minnesota mwaka 2016, alikuwa na kibali halali na alimweleza askari kwamba ana bastola. Askari huyo alimpiga risasi palepale garini, akafa. California na New York zinaruhusu ndugu kwenda mahakamani wenyewe. Ni nafuu, ingawa wa kuichukua silaha kwa kawaida bado ni polisi.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Katika kesi ya Bruen, iliyopinga sheria ya New York ya leseni za kubeba bunduki, mawakili wa utetezi wa umma wa huko, wakiwemo mawakili weusi, waliunga mkono kufutwa kwa masharti ya leseni, kwa kuwa wateja wao walioshtakiwa kwa kumiliki bila leseni walikuwa karibu wote weusi na Walatino. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta sharti la mwombaji kuthibitisha sababu maalumu ya kubeba bunduki. Wapinzani wao nao hawakukosea: silaha zikizidi mtaani, wanaozikwa ni vijana wa mitaa hiyohiyo.

Kwa maoni yetu, pande zote zinachanganya sheria za aina mbili: zinazomwadhibu aliyekutwa na bunduki na zinazomdhibiti muuzaji. Sehemu kubwa ya bunduki zinazokamatwa Chicago zilinunuliwa nje ya Illinois, Indiana ikiongoza. Kumfunga kijana aliyekutwa nayo hakuligusi duka. Kumkagua muuzaji kunaligusa, wala hakuhitaji kumpekua mtu barabarani.

Njia ya tatu ni wapatanishi wa mtaani, mara nyingi watu waliowahi kufungwa, wanaofika hospitali alikopelekwa aliyepigwa risasi usiku uleule kabla kisasi hakijapangwa. Mwaka 2022 Bunge la Marekani liliwatengea dola milioni 250 kwa miaka mitano. Lakini ruzuku za serikali kuu kwa kawaida hulipwa baada ya matumizi, na kikundi kidogo hakina akiba ya kutanguliza mishahara. Kisha Aprili 2025 Wizara ya Sheria ikafuta nyingi kati yake mikataba ikiwa katikati. Mpatanishi akipunguzwa kazi, namba ambayo vijana walizoea kuipiga usiku wa manane haipokelewi tena.