Mto wenye bunge lake

Kijijini kwetu Kishapu kuna lambo lililochimbwa na mradi nilipokuwa darasa la tano. Katapila likaja, kibao kikasimikwa, wakubwa wakapigwa picha, wakaondoka. Hakuna aliyewauliza wazee maji ya kilimani hupita wapi. Msimu wa pili mvua ikakata tuta, na kwa kuwa lambo lilikuwa la mradi, hakuna aliyeshika jembe kwenda kuliziba. Ndiyo maana habari za wilaya ya Alwar, huko Rajasthan nchini India, ambako wanakijiji walijichimbia malambo yao wenyewe, huwa nazisoma kwa uchungu.

Alwar hupata mvua ya takribani milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Julai na Septemba. Mababu wa pale walikuwa na malambo yao, wanayaita johad. Miaka ikapita, misitu ya milima ya Aravalli ikafyekwa, malambo yakajaa tope, visima vikakauka. Wanaume wakaenda mijini kutafuta vibarua.

Mwaka 1985 Rajendra Singh na wenzake wa shirika la Tarun Bharat Sangh walifika huko wakifikiria mambo ya elimu na tiba. Mzee mmoja wa kijiji cha Gopalpura akawaambia shida yao ni maji, basi wachimbe. Wakachimba, wanakijiji wakishiriki kwa jasho lao, ule msaragambo tunaoujua.

Johad ni tuta la udongo lililopinda kama mwezi mchanga, limekaa chini ya mteremko na kukumbatia upande maji yanakotoka. Mvua ikinyesha, maji yanatuama, ng'ombe na nyati wa kufugwa wanakunywa, huku ardhi nayo ikiyanywa polepole. Ukipita pale miezi kadhaa baadaye unaweza kukuta pakavu ukadhani kazi ilikuwa bure. Maji yamehamia chini, jua lisikoyafikia, na kisima cha bondeni kimepanda. Kwenye lile tope lenye unyevu watu wanapanda ngano.

Tuta likafuatwa na tuta, mamia kwa mamia, na kufikia mwaka 1995 mto Arvari, uliokuwa ukitiririka wakati wa mvua tu, ulikuwa na maji mwaka mzima.

Wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, na mimi naona hapo ndipo inapoanza. Mto ulipopata maji ulipata na samaki, na mwaka 1996 serikali ikampa mkandarasi haki ya kuwavua. Wanakijiji waliouhuisha mto ule wakakataa, wakashikilia msimamo mpaka mkataba ukafutwa. Kisha vijiji takribani 70 vikaunda bunge la mto Arvari. Bunge hilo halina meno ya kisheria, lakini lilikubaliana mambo mazito: miwa na mpunga visilimwe, kwa sababu vinakunywa maji mno, na pampu zidhibitiwe. Hebu fikiria mkulima anayeyaona maji mbele yake, bei ya miwa anaijua, halafu anajizuia kwa ajili ya jirani wa bonde la chini!

Watafiti wa maji waliolichunguza bonde la Arvari wametoa tahadhari ambayo baadhi ya wapenzi wa johad hawapendi kuisikia. Kisima kikipanda, watu hushawishika kumwagilia zaidi, na maji yanayozuiwa juu hupungua kwa walio chini. Mimi nawaunga mkono watafiti hao. India ndiyo inayovuta maji mengi zaidi ya ardhini duniani, kuliko Marekani na China zikijumlishwa, kwa hiyo kuongeza matuta bila kupima matumizi ni kujidanganya. Nilifurahi serikali yao ilipoanzisha mwaka 2019 mpango wa Atal Bhujal wa kutunza maji ya ardhini katika majimbo 7, Rajasthan likiwemo, ambamo vijiji vilipiga hesabu ya maji yake, yanayoingia na yanayotoka. Hesabu hiyo ingetangulia kila katapila.

Kuna mzee wa kwetu aliyewahi kunishika mkono akanionyesha korongo ambako maji ya kilima hupita kila mwaka. Kutoka pale hadi kwenye kile kibao cha mradi nilihesabu hatua arobaini.