Wikendi ya ndoto yangu iko kwenye mkonge

Mimi ni shabiki wa rali, mbio za magari kwenye barabara za kawaida zinazofungwa kwa muda, na kona ninayoipenda kuliko zote haina jina. Iko nje kidogo ya Pongwe, Tanga, ndani ya shamba la mkonge. Njia nyekundu inanyooka karibu kilomita nzima katikati ya safu za mkonge, halafu inakutana na njia nyingine ghafla, kona ya mraba, kushoto. Upande wa ndani pana tuta la udongo lililokuwa likibeba reli ya vitoroli vya mkonge. Reli iling'olewa zamani, tuta limebaki, na nyasi zake ni fupi kwa sababu mbuzi wanapita kila siku. Ukisimama juu ya tuta lile unaliona vumbi la pikipiki dakika nzima kabla haijakufikia.

Kijiweni kwetu Ngamiani tunaulizana sana swali moja: ukipata hela ya kwenda popote kutazama mbio za magari kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, utakwenda wapi? Wengine husema Monaco, wengine Monza, na kijana mmoja wa gereji huapa kila siku kwamba hatakufa kabla hajafika Spa, Ubelgiji. Siwabezi. Formula 1, mbio za uwanjani za ubingwa wa dunia, naiangalia, na inaniuma kwamba haijarudi barani kwetu tangu Machi 1993, Alain Prost aliposhinda Kyalami, Afrika Kusini. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba Mwafrika aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mchezo ule ni mmoja tu, Jody Scheckter, mwaka 1979. Lakini jibu langu ni lile lile kila mara, nao wameshalizoea: mimi sitaki kwenda popote. Nataka mbio zije Tanga.

Sisemi hivyo kwa kukosa nauli. Rali ni mchezo wa namna nyingine kabisa. Mbio za uwanjani zinakuita, unakata tiketi, unakaa kwenye jukwaa lililojengwa kwa ajili hiyo. Rali inakuja kwenye barabara unayopita ukienda kwenye mazishi, unayobebea machungwa ya Muheza, uliyoanguka nayo kwa baiskeli ukiwa darasa la tatu. Wewe unajua kwamba pale penye mbuyu pana shimo linalofichwa na mchanga. Dereva hajui, mpaka msoma ramani wake, yule anayekaa kando yake akimsomea maelezo ya njia, aliandike. Siku moja barabara hiyo hiyo inafungwa, na mtu anaipita kwa kasi ambayo hukuwahi kudhani inaweza kuipokea.

Mapenzi haya nimeyarithi kwa baba. Alikulia Mombo, pale mlima wa Usambara unaposhuka na kukanyaga barabara kuu. Miaka ya 1960 Safari, yale mashindano makubwa ya rali, ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Ilianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yakawa yanateremka hadi huku kwetu. Baba anasema usiku ule hakuna mtoto aliyelala Mombo. Walikaa kwenye ukuta wa duka la Mhindi, wamejifunga mashuka, wakisubiri taa zitokee upande wa Same. Na walikuwa na mtu wao. Bert Shankland alikuwa Mskochi, lakini makazi yake yalikuwa Dar es Salaam, na watoto wa Mombo hawakuhitaji zaidi ya hapo. Akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell alishinda Safari mwaka 1966, akairudia 1967, mara zote mbili kwa Peugeot 404.

Baba husimama hapo kwenye Peugeot. "Pijo, mwanangu. Pijo ile ile ya teksi." Mtu aliyeona gari la ushindi Jumatatu alilipanda Jumanne kwenda Korogwe, abiria tisa na kuku wawili. Nadhani ndiyo sababu Safari iliingia mioyoni mwa watu wa kawaida. Ilikuwa ikipima vitu tunavyovitumia, kwenye njia tunazozilalamikia. Mwaka 1968 yalianza magari zaidi ya 90, yakafika mwisho saba tu. Mtu wa Mombo aliyesikia habari ile alielewa mara moja, kwa sababu mvua zile zile zilikuwa zimemfungia yeye siku tatu nyumbani.

Katikati ya miaka ya 1970 Safari ikabaki Kenya peke yake, na sisi tukabaki na masimulizi. Baada ya mwaka 2002, Colin McRae aliposhinda kwa Ford, hata Kenya ikapoteza nafasi yake kwenye ubingwa wa dunia wa rali. Ilisubiri miaka 19 kurudishiwa.

Ilipofika Juni 2022 nikaamua kwenda kujionea. Nilivuka Horohoro, nikalala Mombasa, nikapanda treni hadi Nairobi, nikamalizia kwa matatu hadi Naivasha. Nitasimulia mambo mawili tu ya safari ile, maana nikiachiwa nitajaza ukurasa.

La kwanza ni sauti. Tulikaa kwenye kilima tangu alfajiri, baridi ya Bonde la Ufa inapenya koti, mama mmoja anapita na birika la chai na mandazi kwenye ndoo. Saa tatu nzima hakuna kitu. Halafu helikopta ikatokea, iko chini sana, na watu wote wakanyamaza kama msikitini. Gari halikuonekana. Kilichokuja mwanzo ni mlio, mkavu, unaokatika na kuunga kila dereva anapobadili gia, na katikati yake milipuko midogo kama mahindi yanayopasuka kwenye moto. Kisha ukuta wa vumbi ukaanza kutembea nyuma ya migunga. Kisha gari, likiwa limekaa upande, pua yake imeelekea kwetu wakati magurudumu yanaelekea kwingine, kokoto zinaruka, na ndani ya kioo nikamwona msoma ramani ameinamisha kichwa kwenye daftari. Hakutazama nje hata kidogo. Alikuwa anasoma, kwa sauti ya kawaida pengine, huku dunia inampita hivyo. Sekunde nane, labda kumi, likapotea. Mzee aliyekaa kando yangu, Mkikuyu wa makamo mwenye kofia ya sufi, akanigeukia akasema, "Umeona, ndugu yangu?" Nilishindwa kumjibu. Nilikuwa nalia.

La pili ni mafundi. Kwenye kituo cha matengenezo muda unahesabiwa kwa dakika, na gari likichelewa kutoka, kila dakika inayozidi dereva anatozwa sekunde 10. Nilisimama nyuma ya kamba nikitazama fundi mmoja akitoa shokapu ya nyuma. Ilikuwa bado ya moto, akaishika kwa glavu mbili, akampa mwenzake bila kugeuka, na mkono wake wa pili ulikuwa umeshapokea mpya. Hakuna aliyepiga kelele. Boliti zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Mimi nimekaa gereji za Tanga tangu utoto, na najua mafundi wetu wana mikono ile. Wanachokosa ni mtu wa kuwapa kitambaa na saa.

Toyota walichukua nafasi nne za kwanza mwaka ule: Kalle Rovanperä, Elfyn Evans, Takamoto Katsuta, Sébastien Ogier. Rovanperä alikuwa na miaka 21, na kabla mwaka haujaisha akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote waliotangulia. Nilirudi Tanga na kofia yenye vumbi la Naivasha. Sijaifua.

Sasa nije kwenye ninachotaka kusema. Tanga ina kila kitu. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 ndiyo iliyofika hai, na kutokana na hiyo yakaota mashamba yaliyoifanya nchi yetu kuzalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka ilipofika miaka ya 1960. Waliopanda safu zile walichora pia njia: mamia ya kilomita, zilizonyooka, zinazokatana mraba, zisizo na nguzo za umeme wala maduka pembeni. Njia za shamba hazina mabasi. Ukifunga mageti machache siku ambayo wakata mkonge wamepumzika, umepata uwanja ambao nchi nyingine zingeujenga kwa mabilioni. Mbio za magari za taifa zimeshapita kwenye mkonge huu, nimeziona mwenyewe, na mashabiki walijaa. Ninachoomba ni zije kila mwaka, tarehe ijulikane mapema.

Wikendi yenyewe ninayo kichwani. Ijumaa jioni magari yapangwe pale Jamhuri Park, bahari nyuma yake, watoto wapande mabegani mwa baba zao wayaguse. Pweza na mihogo iuzwe mpaka usiku. Jumamosi yote iwe mkonge, asubuhi mzunguko mmoja, alasiri kuurudia, njia ikiwa imeshachimbika na mawe yamefumuka, maana hapo ndipo dereva anapojulikana. Jumapili tupande milimani. Lami ya Mombo hadi Lushoto iachwe kwa abiria, lakini kule juu, njia za udongo zinazoelekea Mlalo na Mtae, zenye bonde upande mmoja na ukuta mwekundu upande wa pili, zikinyeshewa manyunyu tu zinakuwa sabuni. Kule dereva atamhitaji msoma ramani kuliko injini.

Amani, hapana. Najua wapo wanaoitamani barabara ya Muheza kupanda Amani kwa zile kona zake. Ule ni msitu wa hifadhi, una mimea na vyura wasiopatikana kwingine duniani, na mimi shabiki wa mlio wa injini nasema msitu ule uachwe na ukimya wake.

Kuna jambo ambalo haliwezi kusubiri mbio zije ndipo tujifunze, nalo ni mahali pa kusimama. Nikiwa na miaka 19 nilikwenda kutazama rali hapa hapa mkoani, nikasimama nje ya kona, kwa sababu ndipo gari linapoonekana vizuri likija. Msimamizi wa njia, mama mwenye kizibao cha rangi ya machungwa, akanishika mkono. "Mwanangu, gari likishindwa kona linakwenda wapi?" Nikatazama. Linakuja niliposimama. Akanipeleka upande wa ndani, juu, mbali na njia, penye nafasi ya kukimbilia nyuma. Gari la nne au la tano lilipitiliza. Lilifyeka mkonge hatua chache kutoka pale nilipokuwa, likapinduka upande, na madereva wakatoka salama. Mti mmoja wa mkonge ulikatwa katikati na majani yake yakawa yanachuruzika utomvu. Niliutazama sana mkonge ule.

Kwa hiyo ninapodai mbio, nadai na hayo pia. Wenyeviti wa vijiji waambiwe wiki kadhaa kabla, mbuzi na ng'ombe wafungwe, watoto wafundishwe shuleni, gari la wagonjwa liwepo kila kipande cha njia kinachoshindaniwa, na kina mama kama yule wawe wengi, wenye mamlaka ya kusimamisha mbio watu wakikaidi. Mahali ambapo hayo hayajatimizwa, gari lisiondoke. Nitakuwa wa kwanza kurudi nyumbani bila manung'uniko.

Huambiwa kwamba huu ni mchezo wa matajiri. Anayeendesha, mara nyingi ndiyo, gari lile ni pesa. Lakini hesabu walioko kando ya njia. Nilipokuwa kilimani Naivasha nilizungukwa na wauza mahindi, makonda, walimu, mzee wa kofia ya sufi, na hakuna aliyekuwa na kiti kizuri kuliko mwenzake. Kwenye rali nafasi nzuri anaipata aliyeamka mapema.

Baba sasa hatembei sana. Nimemwahidi kwamba siku mbio zikija nitambeba kwa bajaji hadi Pongwe, na kiti chake cha kukunja, na chupa ya chai. Jumapili iliyopita nilikwenda na mwanangu kwenye tuta letu. Alikuwa na simu mkononi, anapima muda wa kila pikipiki tangu inapotokea mwisho wa safu hadi inapokata kona, na anaandika kwenye daftari la hesabu. Ya haraka kuliko zote ilitumia sekunde 51. Ilikuwa imebeba magunia mawili ya mkaa.