Tupeni Msimbo Unaojengeka

Nilisubiri miezi mitatu. Niliiandikia kampuni iliyotengeneza ruta yangu (kifaa kinachogawa intaneti) nikaomba msimbo chanzo, yaani maandishi asilia, wa fimwea, programu inayokiendesha kifaa kutoka ndani, kwa sababu fimwea hiyo imejengwa juu ya mfumo endeshi wa Linux na leseni ya Linux inanipa haki ya kuomba. Wiki iliyopita wakanitumia faili moja kubwa lililobanwa, pamoja na sentensi mbili za kunishukuru kwa kuwa mteja wao.

Nikalifungua usiku huohuo. Nikaandika make, amri ya kuanza kuujenga msimbo uwe programu, nikatulia. Haikufika dakika mbili ujenzi ukakwama. Faili la mipangilio ya kerneli, kiini cha Linux, halimo. Kompaila waliyoitumia, yaani programu inayogeuza msimbo uweze kuendeshwa na kifaa, haimo, wala hawakutaja toleo lake. Skripti za kuunganisha vipande vyote viwe imeji moja, yaani faili la fimwea nzima, ambayo ruta itaikubali hazimo. Draiva ya swichi, programu inayoendesha matundu ya waya za mtandao, imetajwa kwenye Makefile, faili la maelekezo ya ujenzi, lakini ukiingia kwenye folda yake unakuta tupu.

Nimekasirika, na bado sijapoa.

Kerneli ya Linux iko chini ya GPL toleo la 2, leseni ya programu huria ya mwaka 1991. Kifungu chake cha 3 kinaeleza msimbo kamili ni kitu gani: msimbo wa moduli zote, mafaili ya violesura vyake, na skripti zinazotumika kukompaili na kusakinisha programu. Skripti zimeandikwa humo waziwazi. Walioandika kifungu hicho walijua kwamba mtu anaweza kukukabidhi maelfu ya mafaili na bado akakunyima kila kitu. Mhandisi wa kampuni ile anapobonyeza kitufe, kwake inatoka imeji nzima. Basi anacho kila kinachohitajika. Kuna mtu aliyekaa akaamua kipi kitolewe na kipi kibaki, na aliyebaki mikono mitupu ni mimi niliyelipia kifaa.

Wakongwe wa mambo haya wanaikumbuka ruta ya WRT54G ya Linksys. Iliingia sokoni mwishoni mwa 2002, watu wakachungulia ndani wakakuta Linux, wakadai msimbo, na 2003 ukatolewa. Mwaka uliofuata OpenWrt, fimwea huria ya ruta, ikazaliwa juu ya msimbo huo. Kifaa kile kilikuwa na flashi (hifadhi ya kudumu) ya MB 4 na RAM ya MB 16, na kizazi kizima cha mafundi kilijifunzia humo. Hata hivyo madai hayakuishia hapo: Desemba 2008 Free Software Foundation, shirika linalotetea programu huria, iliishtaki Cisco, iliyokuwa imeinunua Linksys, kwa kutotimiza masharti ya leseni, na 2009 wakapatana.

Ninayo ruta nyingine, kuukuu, ya kampuni tofauti, flashi MB 16. Hiyo inaendesha OpenWrt niliyoijenga mwenyewe. Ujenzi wa kwanza kutoka kwenye msimbo ulichukua saa kadhaa, maana kompaila yenyewe hujengwa kwanza. Siku hizi natumia Image Builder, zana inayounganisha vifurushi vilivyokwisha kukompailiwa, na dakika chache zinatosha. Nilitoa PPP, njia ya kuunganishwa na baadhi ya watoa intaneti, kwa kuwa siihitaji. Nilitoa LuCI pia, kurasa za mipangilio za kwenye kivinjari, nikabaki na SSH, njia ya kuingia kwa kuandika amri, na mafaili ya mipangilio ya /etc/config. Nafasi iliyopatikana nikaweka WireGuard, ya VPN, na CAKE, inayogawa kasi ya intaneti kwa haki, na tangu hapo mtu akipakia video, simu ya mwenzake haikatikikatiki. Kifurushi kikijengwa ndani ya imeji hubanwa kwa SquashFS, mfumo wa mafaili uliobanwa, kwa hiyo hula nafasi ndogo kuliko ukikisakinisha baadaye. Kwenye MB 16 hilo si jambo dogo.

Mipangilio yangu niliiweka kwenye folda ya files kabla ya kujenga. Maana yake, nikibonyeza kitufe cha kurudisha kifaa katika hali yake ya kwanza, hali hiyo ya kwanza ni yangu. Siku nilipolielewa hilo nilikaa nikiitazama ile taa ndogo ya kijani kwa muda mrefu.

Sasa ilinganishe na ruta mpya. Fimwea yake ya kiwandani ina seva ya kushiriki mafaili kupitia USB, na kifaa chenyewe hakina tundu la USB. Ina dnsmasq, programu ya kutafuta anwani za tovuti (DNS), ya zamani kuliko 2.83, toleo lililoziba matundu saba ya kiusalama yaliyotangazwa Januari 2021. Kampuni imeshasema haitatoa masasisho tena. Ningeweza kuyaziba matundu hayo mwenyewe jioni moja, kama ningekuwa na msimbo unaojengeka.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wana hofu zao. Watu huharibu vifaa kisha hudai kurudishiwa fedha. Hata mimi nimewahi kuokoa kimoja kwa waya wa TTL wa volti 3.3, unaounganisha kompyuta na bodi ya kifaa, butiloda (programu inayowasha kifaa) ikinijibu. Lakini hilo lina dawa: OpenWrt One, ruta ya mradi wenyewe wa OpenWrt ya mwaka 2024, ina flashi mbili, moja ikiwa imefungwa isiandikwe, ili uokoaji uwepo daima. Masafa ya redio yana sheria zake, sawa. Na fimwea ya chipu ya Waifai aghalabu haitolewi msimbo wake hata ndani ya OpenWrt, jambo linaloniuma. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza kwa nini folda ya draiva ya swichi ni tupu.

Jana nimewaandikia tena. Nimeorodhesha vitu vinne vinavyokosekana, nimenakili kifungu cha 3, na nimeambatisha mistari ya mwisho ya kosa pale ujenzi ulipokwama. Nimewaomba pia wajaribu kulijenga faili lile walilonitumia, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuingia ofisini kwao.