Mtaalamu wa televisheni haujui ukuta wetu

Vipindi vya kukarabati na kupamba nyumba vinapendwa sana hapa Unguja, na sina ugomvi na anayeviangalia. Ugomvi wangu ni na yule mtaalamu anayesema kwa uhakika kabisa: ukuta ukiwa na unyevu, kwangua, piga plasta ya saruji, halafu maliza na rangi ya mafuta. Hata siku moja haulizi ukuta wenyewe umejengwa kwa kitu gani. Kwa nyumba ya Mji Mkongwe ushauri huo unaua nyumba, na watu wanaufuata.

Kuta zetu za zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nyingine unene wake unapita nusu mita. Maji ya ardhini yanapanda ndani yake, na masika mvua inazipiga kwa nje. Wazee waliojenga wakilijua hilo. Chokaa inapitisha unyevu, kwa hiyo ukuta unalowa, kisha upepo wa kusi ukianza unakauka wenyewe. Ukishaufunika kwa saruji, maji hayapotei. Yanatafuta njia nyengine, na kwa kawaida njia hiyo ni juu.

Nenda chumbani kwa bi mkubwa mmoja wa mtaa wa Malindi, hapa Mji Mkongwe, ambaye wanawe walimtengenezea nyumba kwa kufuata kipindi. Walipiga saruji kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, kazi safi, imenyooka. Sasa unyevu umetokea juu ya mstari ule ule wa saruji, mahali ambapo zamani palikuwa pakavu. Rangi imefura malengelenge. Ukilitoboa moja kwa ukucha, unamwagika unga mweupe, na unga huo ni chumvi. Ukigonga plasta kwa kifundo cha kidole unasikia uwazi ndani, maana imeshaachana na jiwe. Fundi mzee aliyeitwa kuangalia aligusa tu, akasema: "Bibi, ukuta huu umevishwa nailoni." Dawa aliyompa ni kuibandua saruji yote, kuuacha ukuta wazi ukauke, kisha kupiga chokaa tabaka nyembamba nyembamba, huku kila tabaka inanyunyiziwa maji isikauke kwa pupa. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi. Chokaa hukaza polepole kwa kunywa hewa ya ukaa, na hakuna kipindi cha nusu saa kinachoweza kuiharakisha.

Wanawe nawaelewa. Walitaka mama yao akae pazuri, na aliyewashauri alikuwa na kofia ya ujenzi na lugha tamu.

Ushauri wa kuvunja ukuta baina ya sebule na jiko ndio unaonitia khofu zaidi. Vyumba vyetu ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake umepimwa na urefu wa boriti za mikoko, na boriti hizo zimelala juu ya kuta hizo hizo mtaalamu anazotaka zivunjwe. Ukitoa ukuta umetoa mguu wa dari, na pengine wa ghorofa mbili zilizo juu yake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Jengo lile lina mambo yake na sitaki kulifananisha na chumba cha mtu, lakini baada ya siku ile mtu wa Unguja hafai kulichukulia jengo kongwe kwa wepesi. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na kibali chake kinahitajika kabla ya kubadilisha jengo. Kwenye vipindi hivi neno kibali silisikii.

Kwa nyumba mpya za matofali ya saruji, ziwe Fuoni au Chake Chake, mengi wanayoyasema yanafaa. Hata huko, lakini, nataka kusikia mtaalamu akionya kuhusu mchanga wa pwani. Chumvi yake inakula nondo ndani ya zege, na ufa ukionekana kwa nje kutu imeshafanya kazi siku nyingi.

Fundi wa mtaani akikuharibia, unajua anakaa wapi. Utamfuata barazani, utamwambia mbele za watu, na yeye anajua kwamba kesho atahitaji kazi kwa jirani yako. Yule wa televisheni hafuatwi. Chumba kinapigwa picha rangi ikiwa mbichi, muziki unapigwa, wenye nyumba wanakumbatiana, kipindi kimekwisha. Mimi nataka vituo vyetu virudi na kamera kwenye chumba kile kile baada ya masika, vitusogeze karibu na ukuta, na mwenye nyumba aulizwe amelipa kiasi gani kurekebisha.