Bingwa Kapanda Ndege, Warfarin Kaachiwa Nani?

Kambi ya madaktari bingwa wa moyo ikimalizika hapa Kigoma, magrupu ya WhatsApp yanajaa picha. Fulana mpya, mabango, viongozi wamesimama kando ya mashine ya eko, ile ya kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, utadhani wameibeba wenyewe mgongoni kutoka Dar. Sawa, kambi ni jambo jema. Watu wanagundulika, wengine wanapata rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na kufanyiwa upasuaji ambao zamani ungewapeleka India. Safari hii kilichonikera ni ujumbe uliozungushwa mitandaoni na kupigiwa makofi: "Mabingwa wameondoka, sasa wagonjwa wa moyo wanaachiwa tabibu na nesi. Serikali ituonee huruma."

Ituonee huruma kwa lipi? Bingwa anakuja siku chache, anaona, anaandika, anapanda ndege. Baada ya hapo tabibu, yule mwenye stashahada asiye daktari kamili, na nesi ndio matibabu yenyewe. Kama ni huruma, basi tuombe wasiondolewe kliniki ya moyo kila rosta inapobadilika, leo yuko huku, mwezi ujao wodi ya wazazi, mwezi unaofuata chanjo.

Chukua mgonjwa aliyerudi Kasulu na valvu ya chuma upande wa mitrali, yaani kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Valvu hiyo inadai warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote, na warfarin haina dozi ya watu wote, kila mtu ana yake na inatafutwa kwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Kwa valvu hiyo tunaitaka 2.5 hadi 3.5. Ikiwa chini, damu inaganda kwenye valvu, mtu anapata kiharusi au valvu inakwama. Ikipita 5, hatari ya kuvuja damu inakuwa kubwa, na si ya puani tu, hata ya tumboni na kichwani.

Sasa leo INR imetoka 1.6. Mgeni wa kliniki, hata awe na digrii mbili, ataongeza dozi papo hapo. Nesi mzoefu anauliza kwanza: vidonge uliruka? Ndiyo, viliisha Ijumaa, nimenunua jana. Basi dozi haiguswi, aendelee nayo, arudi baada ya wiki. Kama hakuruka hata kimoja, ndipo nesi anapiga hesabu, tena ya wiki nzima. Miligramu 5 kila siku ni 35 kwa wiki. Anapandisha hadi 40: kidonge kimoja siku tano, kidonge kimoja na nusu Jumatano na Jumapili. Anaandika kwenye daftari kwa majina ya siku, maana "miligramu 40 kwa wiki" ikifika nyumbani haimsaidii mtu. Wiki moja au mbili baadaye anapima tena.

Na hapo hatujagusa kichupa. Kichupa cha INR, kile cha kifuniko cha bluu, kina sitreti ndani, kemikali ya kuzuia damu isigande, na mstari pembeni. Uwiano wake ni sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitreti. Mshipa ukisumbua, mtu akaridhika na nusu kichupa, sitreti inaizidi damu na mashine inasoma INR ya juu ambayo si ya kweli. Jibu linarudi 4.8. Aliyepokea karatasi anapunguza dozi, kumbe mgonjwa yuko 2.9, na kwa kumshusha huko anaipa damu nafasi ya kuganda. Anayeijua kazi anakitazama kichupa kabla hakijaondoka mezani, akikuta hakijafika mstarini anakitupa na kutoa damu upya, mgonjwa anune asinune. Hotuba za ufunguzi wa kambi hazifiki huko.

INR imepanda bila sababu? Ulizia duka la dawa muhimu. Tumbo lilimvuruga akauziwa metronidazo, au kifua akauziwa kotrimoksazo, na zote mbili zinaipandisha vibaya. Imeshuka? Ulizia kisamvu na matembele, lakini usimkataze, mwambie ale kiasi kilekile wiki kwa wiki. Na kama ni binti wa miaka 19, ulizia hedhi kila anapokuja, kwa sababu warfarin katika miezi mitatu ya mwanzo ya mimba inaweza kumlemaza mtoto. Swali hilo binti anamjibu nesi anayemfahamu. Mgeni aliyezungukwa na wanafunzi watano anaambiwa "niko sawa" na mazungumzo yanaishia hapo.

Kwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu hali ni hiyohiyo. Mama amejifungua wiki tatu zilizopita, anakohoa, miguu imevimba, ameshatibiwa nimonia mara mbili. Swali moja linafumbua macho: usiku unalala chali, au unalala umekaa? Akisema amekaa, acha kumwongezea antibayotiki, mpeleke kwenye eko. Akishagundulika, kosa la kawaida kuliko yote ni kumrudisha nyumbani na frusemide peke yake. Maji yanatoka, miguu inapungua, anaona amepona, anaacha dawa, anarudi hoi. Frusemide inakausha maji tu. Dawa za kumrefushia maisha ni zile zinazopandishwa polepole: enalapril miligramu 2.5 asubuhi na jioni, baada ya wiki mbili 5, kisha 10, huku ukipima kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, na potasiamu ya damu, kavediloli 3.125 mara mbili kwa siku, na usiianze mapafu yangali na maji. Ukiongeza spironolaktoni, potasiamu ikapita 5.5, unaisimamisha. Kazi hiyo inachukua miezi na inataka jicho lilelile, maana mtu akishushwa presha mpaka akaanguka njiani kwenda kisimani, dawa haimezi tena na jirani zake nao hawatakuja kliniki.

(Tafadhali, msimwambie mtu wa mkoa wenye chumvi ya Uvinza "acha chumvi" halafu mkamwita anayefuata. Mwambieni samaki wa kukaushwa kwa chumvi waache, mgebuka mbichi ale, na apime uzito kila asubuhi akishatoka msalani. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, aje hata kama miguu haijavimba.)

Sindano ya penisilini benzathini kwa watoto wenye moyo wa rumatiki, yaani valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, uniti milioni 1.2 kila wiki tatu au nne, na nusu yake kwa mtoto mdogo, nayo ina fundi wake. Ikikaa kwenye bomba inaziba sindano katikati ya kazi, mtoto anachomwa mara mbili, mwezi ujao hamuoni.

Sasa tuje kwenye ajira, maana maneno matamu hayapandishi daraja. Tabibu wetu ana stashahada ya miaka mitatu. Akipelekwa mafunzo mafupi ya moyo anarudi na cheti, cheti kinaingia kwenye faili, mshahara uko palepale. Akitaka kusogea, mlango unaoeleweka ni digrii ya udaktari, miaka mitano na mwaka wa mazoezi, na akimaliza anapangiwa mkoa mwingine kabisa. Kwa hiyo tunampoteza anayeijua kliniki ili tumpate daktari anayeanza kujifunza kliniki. Ngazi ya daktari msaidizi, AMO, ndiyo ilikuwa daraja la katikati, nayo mafunzo yake yakasitishwa. Nesi wa hospitali ya Kabanga au Nkinga ndiyo kabisa, aking'ara sana anafanywa metroni, yaani anatolewa kwa mgonjwa na kukabidhiwa rosta.

Wenzetu walishaona hilo. Marekani, mwaka 1965, Eugene Stead alianzisha pale Chuo Kikuu cha Duke kozi ya wasaidizi wa madaktari kwa wanaume wanne waliokuwa wahudumu wa tiba jeshi la majini. Mwaka huohuo, Colorado, Loretta Ford na Henry Silver wakaanza kuwafundisha wauguzi kupima na kutibu. Leo warithi wao wanaendesha kliniki za moyo, wanapandisha dozi, na kwenye upasuaji wengine ndio wanaotoa mshipa wa mguuni utakaopandikizwa kwenye moyo. Msaidizi wa daktari aliyebobea kwenye upasuaji wa moyo na kifua anaweza kufanya mtihani wa cheti cha ziada cha fani hiyo, utaratibu ulioanza 2011. Na kama Marekani ni mbali, Rwanda ni hapo juu. Manesi wa hospitali za wilaya wamefundishwa eko iliyorahisishwa, wajibu maswali machache: moyo umepanuka? Unasukuma? Mitrali imebana? Kuna maji kuuzunguka?

Hata sisi hatuhitaji kuhubiriwa. Maweni, hospitali yetu ya mkoa wa Kigoma, kati ya 1984 na 1991, Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake walishusha vifo vya uzazi kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa hatua za hapohapo, kwa watumishi waliokuwepo. Baadaye utafiti uliochapishwa 2009 ulipima upasuaji wa uzazi wa AMO katika hospitali za Mwanza na Kigoma, na haukuona tofauti kubwa ya matokeo kati yao na madaktari kamili. Mkono uliopasua tumbo salama unashindwaje kupandisha enalapril?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo matabibu wanaompa mgonjwa wa moyo dawa ya kikohozi na kumwambia apumzike. Wapo. Na wapo madaktari wanaofanya hivyohivyo kwa mwandiko mbaya zaidi. Nakubali pia kwamba tabibu asiachwe peke yake. Awe na simu ya daktari wa moyo mara moja kwa wiki, siku inayojulikana, na mambo ya kutosubiri siku hiyo yaandikwe ukutani: anayezimia, mjamzito mwenye valvu ya chuma, INR kupita 5, mapigo chini ya 50 kwa anayetumia kavediloli, na mtoto wa rumatiki ambaye valvu zimeharibika sana, maana huyo inabidi daktari aamue kama abaki kwenye sindano au ahamie penisilini ya vidonge.

Kinachotakiwa sasa kiko ndani ya uwezo wa mganga mfawidhi na katibu wa afya, hakingoji Bunge: majina mawili, tabibu mmoja na nesi mmoja, yasiyoguswa na rosta kwa miaka miwili, na la tatu la anayejifunza nyuma yao. Kubadilisha muundo wa utumishi ili kozi ya moyo ihesabike kwenye mshahara ni kazi ya wizara, na wakubwa wa wizara huja kupiga picha kambini, kwa hiyo wa kumuuliza hakosekani.